Manali–Leh au Barabara ya Pamir: uanze na ipi kwa baiskeli?

Swali hili vijana wa hapa Moshi wananiuliza karibu kila mwezi: kati ya barabara ya Manali–Leh kule India na Barabara ya Pamir kule Tajikistan, mtu aanze na ipi? Wengi wanakuja na jibu tayari mfukoni, wanataka tu niwaunge mkono. Wameangalia urefu. Pito la juu kabisa la Manali–Leh, Tanglang La, liko mita 5,328. La juu kabisa la Pamir, Ak-Baital, liko mita 4,655. Basi, wanasema, Pamir ndiyo nyepesi, tuanze na hiyo.

Nimezipita zote mbili kwa baiskeli, na kabla ya hapo nimeongoza wageni Kilimanjaro miaka kumi na mbili. Ninachokuomba ni kimoja: usichague kwa urefu wa kilele. Kileleni unakaa dakika kumi, unapiga picha, unavaa koti, unashuka. Linganisha mahali utakapolala usiku, halafu linganisha njia ya kushuka iwapo kichwa au mapafu yatagoma. Ukizipima kwa mizani hiyo, barabara hizi mbili zinabadilika sura kabisa.

Zilivyo

Manali–Leh ina kama kilomita 475 ukipita juu ya Rohtang. Handaki la Atal, lenye kilomita 9, lilifunguliwa Oktoba 2020 na limeondoa zaidi ya kilomita 40 kwa wenye magari. Unaanzia Manali, mita 2,050, unamalizia Leh, mita 3,500. Katikati unavuka mapito matano: Rohtang (3,978), Baralacha La (kama 4,890), Nakee La (kama 4,740), Lachung La (kama 5,060) na Tanglang La. Hilo neno "la" kwa lugha ya wenyeji ndilo lenyewe pito la mlimani.

Barabara ya Pamir, kwa jina la ramani M41, inatoka Dushanbe hadi Osh nchini Kyrgyzstan, zaidi ya kilomita 1,200. Hapa nalinganisha kipande cha milima mirefu tu, kutoka Khorog hadi Osh, kilomita 730 hivi. Mapito yake makubwa ni Koitezek (4,271), Ak-Baital, Kyzyl-Art (4,280), ambalo ndilo mpaka wa nchi hizo mbili, na Taldyk (3,615). Kutoka Khorog unaweza pia kuzunguka kwa bonde la Wakhan, ukiuona upande wa Afghanistan ng'ambo ya mto Panj siku nzima. Uzuri wake sina maneno ya kuueleza. Lakini kutoka kijiji cha Langar kupanda pito la Khargush ni mchanga na mawe, na utasukuma baiskeli kuliko utakavyoipanda. Kama ni safari yako ya kwanza, baki M41.

Mahali pa kulala

Aliyepanda Kilimanjaro ataelewa haraka. Horombo iko mita 3,720. Kibo iko 4,720, na kila mwongozaji anajua kwamba Kibo hakuna anayelala usingizi wa maana. Ukiwa juu ya mita 3,000, kanuni ni kutopandisha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku ya tatu au ya nne ukae palepale.

Sasa tazama Manali–Leh. Unalala Jispa, mita 3,200. Kituo ambacho wengi wanakifuata ni Zingzingbar, kama 4,270. Hapo umeruka mita elfu moja kwa usiku mmoja. Usiku unaofuata ni Sarchu, 4,290, na unaofuata Pang, 4,600. Pang ni karibu sawa na kambi ya Barafu, ile ambayo wageni wetu wanaifikia baada ya siku nne au tano za kutembea pole pole, na hata hapo tunawaamsha saa sita usiku wakiwa wanaumwa vichwa.

Pamir ni mpole zaidi kwa hesabu hiyo. Khorog iko 2,100. Jelondy, penye maji ya moto ya chemchemi ambayo sitayasahau, kama 3,500. Alichur 3,900, Murghab 3,600, Karakul 3,900, Sary-Tash 3,170. Kati ya Murghab na Karakul kuna kilomita 130 na ushee na Ak-Baital iko katikati, kwa hiyo wengi wetu tunapiga hema chini ya pito, juu kidogo ya mita 4,000. Usiku huo mmoja ndio mgumu. Nyingine zote unalala chini ya Kibo, tena kwa mbali.

Mpaka hapo Pamir inashinda. Tatizo ni kushuka.

Kichwa kikigoma

Nieleze kilichotupata Pang. Tulikuwa watatu, na mmoja wetu alikuwa na tarehe ya kurudi kazini Arusha. Tulikata siku ya mapumziko ya Jispa ili tuifikie ndege. Mimi ndiye niliyekuwa najua zaidi, na nilikubali. Tulilala Jispa, Zingzingbar, Sarchu, Pang, bila kupumzika. Usiku wa Pang, kwenye saa nane hivi, nilisikia mwenzangu anahangaika na zipu ya hema, hapati pa kuishika. Nilimtoa nje, nikawasha tochi, nikachora mstari chini kwa kisigino, nikamwambia, "Kaka, tembea hapa, kisigino kwa kidole." Hiki ndicho kipimo chetu cha mlimani. Alipiga hatua mbili, ya tatu ikaenda kushoto kama ya mlevi. Mtu akishindwa mstari, hatungoji kukuche. Ni ubongo unavimba, na dawa yake ni kushuka.

Kushuka wapi? Hapo ndipo nilipoiona ramani kwa macho mengine. Ukiwa Pang, nyuma yako kuna Lachung La, Nakee La na Baralacha La. Mbele kuna tambarare za More, mita 4,700, halafu Tanglang La, 5,328. Uko ndani ya bakuli lenye kuta za mapito. Kokote utakakoelekea, lazima upande kwanza.

Kilichotuokoa ni kwamba barabara ile ina watu. Mama mwenye hema la chakula, ambaye jioni alitupikia chapati na dengu, alitoka na blanketi begani, akaenda moja kwa moja kwenye malori yaliyoegeshwa na kumwamsha dereva. Ndani ya nusu saa tulikuwa safarini. Mgonjwa wetu alipita Tanglang La amelala, nikiwa namtingisha kila dakika ajibu jina lake. Tulipofika Rumtse, mita 4,100, akaomba maji. Leh, hospitalini, alianza kutania. Leo ni mzima, na baiskeli bado anapanda.

Sasa weka tukio lilelile Pamir, pale chini ya Ak-Baital. Murghab iko karibu, na ni mteremko mtupu kurudi, mita mia nne au zaidi chini. Mwili ungeanza kupata nafuu mapema. Lakini gari ungelipata wapi saa nane usiku? Kati ya Khorog na Murghab kuna malori ya mizigo kutoka China yanayopitia Kulma, pito la mpakani. Ukishapita Murghab kwenda kaskazini, barabara inakuwa yako peke yako. Mwaka niliopita, kerea yangu ya nyuma ilikatika kabla ya Kyzyl-Art, kwenye barabara ya makunyanzi inayotikisa meno. Nilikaa kando ya ule uzio mrefu wa waya unaofuata upande wa China, jua kali, upepo mkali zaidi, kwa zaidi ya saa tatu. Gari halikupita hata moja. Aliyetokea ni mchungaji juu ya farasi. Alivua kipande cha waya kwenye tandiko lake, akaifunga kerea kwa mizunguko minane, akakaza kwa koleo langu, akaondoka bila kupokea kitu. Waya ule ulinifikisha Osh.

Kwa ufupi: India gari lipo, ila linapanda kwanza kabla ya kukushusha. Pamir chini pako karibu, ila gari halipo. Hiki ndicho kipengele ninachotaka ukipime kabla ya kufikiria matairi.

Chakula na maji

India sina mengi ya kusema, kwa sababu tatizo halipo. Msimu ukifika, mahema ya chakula, wanayaita dhaba, yanasimamishwa Bharatpur, Sarchu, Pang na Debring. Wali, dengu, mayai, tambi, na chapati, ambayo jina lake tulilichukua hukohuko. Unalala humohumo juu ya godoro, blanketi nzito tatu, kwa pesa kidogo. Unaweza kwenda Leh bila jiko na hata bila hema, ingawa mimi siwezi kumshauri mtu aache hema.

Pamir unabeba. Toka Khorog na chakula cha siku nne, jaza tena Murghab, ambako soko lote ni makontena ya chuma yamepangwa mstari, na ndani yake kuna mkate, biskuti, makopo na nyanya zilizosafiri kutoka mbali. Vijijini watu wanapokea wageni nyumbani kwao. Utapewa supu, mkate na chai yenye maziwa, siagi na chumvi. Ladakh, eneo la Leh, pia wana chai ya siagi na chumvi. Kunywa hata kama ulimi unashangaa, kwa sababu mwili uliopoteza maji na chumvi siku nzima unaihitaji. Ziwa Karakul ni la maji ya chumvi, hivyo maji ya kunywa uyaombe kijijini kabla hujapiga hema ufukweni. Chujio la maji ni lazima kote kuwili, maana mifugo iko hata pale unapodhani hakuna kiumbe.

Kitu kimoja kilinifurahisha. Ukisema "barf" Leh wanakuelewa, na ukisema Murghab wanakuelewa. Ni barafu yetu ileile, imetoka Uajemi ikaenda pande zote.

Barabara na hali ya hewa

Barabara ya India inatunzwa na shirika la barabara za mpakani la wizara ya ulinzi kwa ajili ya malori, kwa hiyo miinuko yake ni ya taratibu. Gata Loops, kona 21 zinazopanda baada ya Sarchu, zinatisha kwa picha tu. Aliyepanda Hamsini na Saba, zile kona za Chimala kwenda Matamba, atazipita akizungumza. Kinachochosha ni moshi wa dizeli pale ambapo hewa yenyewe imebaki karibu nusu ya ile ya pwani, na mito midogo ya theluji inayokata barabara. Mito hiyo uivuke asubuhi. Usiku theluji inaganda na maji yanapungua. Saa tisa mchana kijito kilekile kinafika magotini na kinasukuma mawe.

Pamir lami ni ya enzi za Wasovieti, mahali imebaki, mahali imekwisha. Upepo ndio mlima wa pili. Huanza kuvuma mchana, na unaweza kukanyaga pedali kwenye mteremko na usisogee. Tulikuwa tunaondoka saa kumi na mbili alfajiri na kuweka hema saa nane mchana.

Msimu ni mwembamba kote. Manali–Leh, ukipita Rohtang, kwa kawaida hufunguliwa kati ya Mei na Juni na kufungwa theluji inaporudi, Oktoba au Novemba. Julai na Agosti mvua za monsuni zinapiga upande wa Manali na kuangusha udongo barabarani, ila ukishavuka Baralacha La ni jangwa kavu. Mimi nachagua mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba. Pamir ni Juni mwishoni hadi Septemba. Kwetu sisi tunaoishi kwa wageni wa Kilimanjaro hiyo ndiyo miezi ya kipato, kwa hiyo hesabu ya safari iweke na mshahara utakaoukosa.

Vibali na usalama

India ni nchi moja na viza moja, inayoombwa kwa mtandao, na ndege za moja kwa moja kwenda Mumbai zipo Dar na Nairobi. Barabara ya Manali–Leh yenyewe haikudai kibali maalumu. Vibali vinaanza ukitaka kwenda bonde la Nubra au ziwa Pangong. Beba nakala za pasipoti, polisi wa Darcha watakuandikisha.

Pamir unashughulika na nchi mbili, ndege mbili au tatu kupitia Istanbul au Dubai, na kibali cha jimbo la Gorno-Badakhshan juu ya viza. Mwaka 2022, kulipokuwa na vurugu huko, vibali hivyo vilisimamishwa kwa muda. Tajikistan na Kyrgyzstan zilipigana mpakani 2021 na tena 2022, mpaka ukafungwa, na makubaliano yalitiwa saini Machi 2025 ndipo ukafunguliwa. Kabla hujanunua tiketi, thibitisha hali ya Kyzyl-Art wiki hiyohiyo. Kati ya kituo cha nchi moja na cha nyingine kuna kama kilomita 20 zisizo na mwenyewe, na ukikataliwa ng'ambo unarudi kuupanda mlima.

Lazima nitaje na hili. Tarehe 29 Julai 2018, huko Danghara, kusini-mashariki mwa Dushanbe, waendesha baiskeli wanne wa kigeni waliuawa katika shambulio la kigaidi: Wamarekani wawili, Mswisi mmoja na Mholanzi mmoja. Haikuwa kwenye uwanda wa Pamir, na ukarimu nilioupata huko sijawahi kuupata kwingine. Lakini familia yako ina haki ya kulijua kabla hujaondoka, na ni sababu mojawapo ya mimi kupanda gari la abiria hadi Khorog badala ya kuanzia Dushanbe.

Baiskeli na mazoezi

Ileile inafaa kote. Fremu ya chuma, kwa sababu ikivunjika fundi wa malori ataichomelea. Za mitumba nzuri zinapatikana Dar na Nairobi. Matairi yenye upana wa milimita 45 kwa India, 50 kwa Pamir. Gia ndogo kabisa unayoweza kuifunga: meno 26 mbele na 34 nyuma, au laini zaidi. Kwa Pamir ongeza spoku kumi, kipande cha mnyororo, nyaya za gia na breki, na waya mnene wa kufungia. Nimekwishaeleza kwa nini.

Mazoezi usiyatafute mbali. Kenya, telemka bonde la Kerio asubuhi na upande Tambach hadi Iten, mita 2,400, ukiwa na mizigo yote. Tanzania, panda Hamsini na Saba ulale Kitulo, mita 2,600, siku tatu mfululizo. Hii itakupa miguu. Haitakupa damu ya mita 5,000, hiyo inatokana na siku tu.

Basi wewe uende wapi?

Kama hujawahi kusafiri siku kumi kwa baiskeli, au huwezi kubadilisha spoku mwenyewe, anza Manali–Leh. Lakini uende kwa sharti: siku kumi na mbili, siyo nane. Usipite handakini. Vuka Rohtang, kwa sababu unapanda karibu mita 4,000 na kulala tena chini ya 3,300 upande wa pili, na hiyo ndiyo kazi tunayoifanyia wageni Kilimanjaro, tunapowapandisha Lava Tower kisha kuwalaza chini zaidi, kambi ya Barranco. Pumzika siku nzima Jispa. Gawanya kipande cha Zingzingbar kwa kulala Patseo, kama mita 3,800. Ukilala Sarchu vibaya, lala tena usiku wa pili, au rudi. Usiende Pang ukiwa na kichwa kinachouma ukitegemea kitapoa. Kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, zungumza na daktari kabla ya safari.

Kama umeshasafiri, una wiki tatu kamili, unajua kupika kwenye upepo na unaweza kukaa siku nzima bila kumwona mtu na usiingiwe na hofu, nenda Pamir, na uende na mwenzako. Aliyezoea peke yake India asidhani atazoea peke yake Pamir. Beba kifaa cha setelaiti cha kuomba msaada, maana simu kaskazini mwa Murghab ni ya kupigia picha tu.

Na kama mwili wako umeshawahi kukusumbua Kibo au Barafu, ukatapika, ukashushwa, basi anzia Pamir kwa upande wa Osh hata kama ni mgeni wa safari ndefu, lakini kwa kundi la watu wanne lenye gari linalofuata nyuma. Lala Sary-Tash usiku mbili. Asubuhi ya kwanza hapo, ukifungua mlango, utauona ukuta mzima wa milima na kilele cha Lenin, mita 7,134, mbele yako. Siku hiyo usiende popote. Kunywa chai, tembea hadi mtoni, rudi, ule.